Jina Lako na Bahasha Yako: Mwongozo wa Kukagua Daftari la Wapigakura na Kupiga Kura kwa Posta Nchini Marekani

Mtu aliyewahi kujiandikisha kupiga kura Tanzania au Kenya katika miaka ya karibuni amezoea kuweka vidole kwenye mashine na kupigwa picha, ili daftari limtambue kwa alama za mwili wake. Akihamia Marekani na hatimaye kupata uraia, hukuta utaratibu wa namna nyingine kabisa. Hakuna alama za vidole wala daftari moja la taifa. Kila jimbo lina daftari lake, linalotunzwa kwa kushirikiana na makarani wa kaunti au wa miji, isipokuwa North Dakota ambako hakuna usajili wa wapigakura kabisa. Kinachomtambulisha mpigakura ni maandishi matupu: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya leseni ya udereva au tarakimu 4 za mwisho za namba ya Social Security (hifadhi ya jamii), na sahihi yake. Kosa la herufi moja linaweza kumfanya mtu yuleyule aonekane kuwa watu wawili, na kufanana kwa majina kunaweza kuwafanya watu wawili waonekane kuwa mmoja.

Mwongozo huu unawahusu raia wa Marekani wanaozungumza Kiswahili, wawe wametoka Mombasa, Unguja au Bujumbura, au Kongo kwa kupitia kambi za Nyarugusu na Kakuma. Kura ya posta inaelezwa hapa pamoja na daftari kwa sababu ulinzi wake karibu wote hutegemea kulinganisha bahasha iliyorudishwa na kumbukumbu zilizomo daftarini. Kumbukumbu zikiwa na kosa, kufuli iliyowekwa kumzuia mwizi humfungia nje mwenye nyumba.

Makosa hutoka wapi

Mwaka 2012 kituo cha Pew cha masuala ya majimbo (Pew Center on the States) kilichapisha ripoti iliyokadiria kwamba kumbukumbu zipatazo milioni 24 za wapigakura wa Marekani, yaani moja katika kila nane, zilikuwa zimepitwa na wakati au zilikuwa na makosa makubwa. Zaidi ya marehemu milioni 1.8 walikuwa bado wameorodheshwa, na watu wapatao milioni 2.75 walikuwa katika daftari la zaidi ya jimbo moja. Takwimu hizo zimetumiwa na baadhi ya wanasiasa kana kwamba ni ushahidi wa wizi wa kura, ilhali zilikuwa zikieleza jambo la kawaida zaidi: watu huhama, hufa na huolewa, lakini daftari huchelewa kupata habari.

Sheria ya mwaka 2002 iliyopitishwa baada ya vurugu za uchaguzi wa Florida wa mwaka 2000 ililitaka kila jimbo liwe na daftari moja la kompyuta, na fomu mpya zilinganishwe na kumbukumbu za leseni za udereva au za Social Security. Kwa mtu mwenye jina kama John Smith ulinganishaji huo hupita bila tatizo, lakini kwa majina yetu ni jambo jingine.

Mkongo huandikwa nyumbani jina la ukoo kwanza, kisha jina la pili, kisha jina la ubatizo, na karani wa wakimbizi alipoyahamishia kwenye fomu za Kimarekani huenda aliyapanga kinyume. Mzanzibari ana jina lake, la baba na la babu, wala hana jina la ukoo, hivyo mume, mke na watoto wanaweza kuwa na majina matatu tofauti ya mwisho katika nyumba moja. Ng'ang'a hupoteza alama zake za ritifaa katika ofisi moja, hupata nafasi katikati ya herufi katika ofisi nyingine, na katika ya tatu hubaki kama alivyozaliwa. Mwanahawa huwa Mwana Hawa, na hapo kompyuta huamua kwamba Hawa ni jina lake la kati.

Georgia ilionyesha uzito wa mambo haya mwaka 2018. Sheria yake ya wakati huo ilitaka maelezo ya fomu yalingane barabara na yale ya ofisi ya leseni au ya Social Security, na maombi yapatayo 53,000 yakawekwa kando yakisubiri, mengi kwa sababu ya tofauti ndogo kama kistari kilichosahauliwa au herufi iliyopinduka. Wengi wa waathirika walikuwa watu weusi. Jimbo lililegeza sheria hiyo mwaka 2019.

Kuna tarehe moja inayostahili kutajwa peke yake, nayo ni tarehe 1 Januari. Maelfu ya wakimbizi waliofika kambini bila cheti cha kuzaliwa walipewa tarehe hiyo, na wataibeba katika nyaraka zao zote maisha yao yote. Mfumo wowote unaotafuta watu waliojiandikisha mara mbili kwa kulinganisha jina la kwanza, jina la mwisho na tarehe ya kuzaliwa utawakuta akina Hassan Juma wengi tu waliozaliwa siku moja. Kulikuwa na mpango wa namna hiyo ulioendeshwa kutoka Kansas na kutumiwa na majimbo mengi hadi uliposimamishwa mwaka 2019 kufuatia kesi, na udhaifu wake mkubwa ulikuwa huohuo: katika orodha ya mamilioni ya watu, kufanana kwa jina na tarehe si ajabu, na si ushahidi wa lolote. Mwenye tarehe 1 Januari asiache kamwe kuandika namba yake ya leseni au tarakimu zake 4 katika kila fomu, kwa kuwa hizo ndizo zitakazomtenganisha na wenzake.

Kabla ya hatua zote: uraia

Aliye na kadi ya ukaazi wa kudumu, ile inayoitwa green card, hana haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa rais wala wa Bunge la Marekani, hata kama analipa kodi na ana watoto waliozaliwa huko. Kujiandikisha kwa kudai uraia usiokuwa nao kunaweza kukufungia njia ya uraia na hata kukusababishia kufukuzwa nchini. Ofisi za leseni za udereva zinatakiwa na sheria ya mwaka 1993 kuwapa wateja nafasi ya kujiandikisha, na karani mwenye haraka huweza kukuuliza swali hilo katikati ya maswali mengine kumi. Jibu kwa uwazi kwamba wewe si raia, na usitie sahihi ukurasa usioelewa.

Hata hivyo makosa hutokea bila wewe kusema neno. Mwaka 2024 ofisi ya leseni ya Oregon iligundua kwamba mfumo wake wa usajili wa moja kwa moja ulikuwa umewaingiza daftarini zaidi ya watu 1,200 ambao hawakuwa wameonyesha ushahidi wa uraia. Asiye raia akipokea kadi ya mpigakura asiitumie hata kwa mzaha, wala asiandike barua ya kuomba kufutwa kabla hajazungumza na mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu barua hiyo itaingia katika kumbukumbu zake na maneno yake yatasomwa siku ya usaili wa uraia.

Hatua ya kwanza: kuzipatanisha nyaraka

Weka mezani cheti cha uraia, pasipoti kama unayo, leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, na kadi ya Social Security. Soma jina lako katika kila kimoja herufi kwa herufi, kisha soma tarehe. Ukiona tofauti, amua jina lipi ndilo la kisheria, kwa kawaida lile la cheti cha uraia, na uyarekebishe mengine yalifuate kabla hujagusa fomu ya kupiga kura. Anayebadili jina wakati wa kuapa ana kazi hii kubwa zaidi, maana jina la zamani bado limekaa katika ofisi nyingine zote.

Kuna jambo ambalo wengi hulipuuza. Siku ya kiapo huibadilishi rekodi yako katika ofisi ya leseni. Huko bado unasomeka kuwa mgeni hadi utakapokwenda mwenyewe na cheti. Januari 2019 Texas ilitangaza kwamba watu wapatao 95,000 waliokuwa daftarini huenda hawakuwa raia, orodha ambayo ilipatikana kwa kulinganisha daftari na kumbukumbu za leseni. Leseni ya Texas wakati huo ilidumu miaka 6, na mtu aliyeichukua akiwa na kadi ya ukaazi, kisha akaapa mwaka uliofuata na kujiandikisha kihalali, alionekana kama mvunja sheria. Ndani ya siku chache ilibainika kwamba makumi ya maelfu ya waliotajwa walikuwa raia, na Aprili mwaka huohuo jimbo lilikubali mahakamani kuachana na mpango huo. Alabama ilirudia jambo linalofanana mwaka 2024 kwa watu 3,251, hadi jaji wa shirikisho alipousimamisha mwezi Oktoba baada ya kudhihirika kwamba zaidi ya 2,000 kati yao walikuwa na haki kamili. Kwa hiyo, katika mwezi wa kwanza baada ya kuapa, nenda katika ofisi ya leseni na uhakikishe kwamba Social Security nao wamekuandika kuwa raia.

Hatua ya pili: kujitafuta daftarini

Tovuti ya kuanzia ni vote.gov, ambayo itakupeleka kwenye ukurasa wa jimbo lako. Tovuti nyingine zinazoomba jina na tarehe ya kuzaliwa zipo nyingi, na baadhi yake hukusanya taarifa kwa ajili ya kampeni, hivyo usijaze maelezo yako mahali usipopajua. Andika jina kama lilivyo katika leseni. Usipojiona, usikate shauri mapema kwamba umefutwa: jaribu bila ritifaa, jaribu kuunganisha majina mawili, jaribu kuligeuza la mwisho liwe la kwanza, na kama tarehe yako ilikosewa siku za nyuma, jaribu ile ya zamani. Ukijipata kwa njia hizo, umegundua kosa lenyewe.

Ukurasa ukifunguka, kwanza tazama kama unasomeka kuwa hai au kuwa umelala. Hali ya kulala ina maana ofisi inashuku kwamba umehama. Kisha soma anwani, pamoja na namba ya nyumba ndani ya jengo, kwa sababu bahasha ya kura isiyo na namba ya fleti hurudi ilikotoka. Tazama chama ulichoandikishiwa ikiwa jimbo lako hufunga kura za mchujo kwa wasio wanachama. Hifadhi picha ya ukurasa huo ikiwa na tarehe.

Wakati mzuri wa kufanya haya kwa uchaguzi wa Novemba ni mwezi Agosti, na sababu yake ni ya kisheria. Sheria ya 1993 inakataza majimbo mengi kufanya ufutaji wa jumla wa majina ndani ya siku 90 kabla ya uchaguzi wa shirikisho. Kujiandikisha nako hufungwa si zaidi ya siku 30 kabla, ambayo kwa uchaguzi wa tarehe 3 Novemba 2026 inaangukia mwanzoni mwa Oktoba. Anayejikagua Agosti ana nafasi ya kurekebisha kabla mlango haujafungwa. Rudia ukaguzi mwishoni mwa Septemba, maana ufutaji wa mtu mmojammoja kwa sababu ya kifo, hukumu au ombi hauzuiwi na siku hizo 90, na marehemu wa jina lako anaweza kukutoa daftarini bila kukusudia. Minnesota, Wisconsin, Maine, Colorado na majimbo mengine kadhaa huruhusu kujiandikisha hata siku ya kura, lakini anayepiga kura kwa posta hapati faida hiyo.

Hatua ya tatu: kadi ndogo inayofanana na takataka

Huwezi kufutwa kwa sababu ya kuhama mpaka uthibitishe mwenyewe kwa maandishi, au upelekewe taarifa kwa posta, usiijibu, kisha usipige kura katika chaguzi kuu mbili za shirikisho zinazofuata. Ndivyo sheria inavyosema. Ohio ilianza kupeleka taarifa hiyo kwa watu ambao kosa lao pekee lilikuwa kutopiga kura kwa miaka miwili, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliuhalalisha utaratibu huo kwa kura 5 dhidi ya 4.

Kwa hiyo kila kitu kinasimama juu ya kipande cha karatasi ngumu kinachofika katikati ya matangazo ya pizza. Katika nyumba zetu barua za Kiingereza mara nyingi husomwa na mtoto wa shule, naye akiona haina jina la daktari wala la mwenye nyumba huitupa. Waagize watoto kwamba chochote chenye neno la uchaguzi na jina la kaunti kiwekwe juu ya meza. Jihadhari pia na fomu ya kuhama ya posta: mtu mmoja katika familia akihama na kujaza fomu kwa niaba ya familia nzima badala ya kwa ajili yake peke yake, wote wenye jina hilo la ukoo huonekana wamehama naye, na kadi za kuulizwa huanza kutumwa.

Hatua ya nne: kusahihisha

Kosa la herufi, tarehe au anwani husahihishwa kwa fomu ileile ya kujiandikisha, lakini ijazwe kama marekebisho. Jaza sehemu inayouliza jina la zamani na anwani ya zamani, na uandike namba ya leseni ileile. Anayejaza fomu mpya yenye tahajia mpya bila kutaja ile ya kwanza hujitengenezea pacha daftarini, na pacha huyo ndiye atakayemletea maswali baadaye. Fomu ulizojaza sokoni, kanisani au msikitini kwa kundi la wasajili zifuatilie wiki mbili baadaye. Ukiona kimya, mpigie karani wa kaunti simu.

Kwa kosa zito zaidi, kama vile kufutwa, kuunganishwa na mtu mwingine au kuandikwa kuwa si raia, simu haitoshi. Nenda ofisini na nakala ya cheti cha uraia au pasipoti, usiache cheti chenyewe. Andika barua fupi ya Kiingereza inayotaja jina lako lote, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mpigakura kama unayo, na kosa lililotokea, kisha uombe nakala iliyopigwa mhuri wa kupokewa. Kama barua yao ilikupa siku kadhaa za kujibu, hesabu kuanzia tarehe iliyochapishwa juu yake, si siku uliyoifungua.

Lakini si kila kosa ni lako wala lina dawa mikononi mwako. Mwaka 2024 Arizona, ambayo hudai ushahidi wa uraia kwa wapigakura wa chaguzi za jimbo, iligundua kwamba kasoro ya mfumo kuhusu leseni za kabla ya Oktoba 1996 ilikuwa imewapitisha watu wapatao 218,000 bila nyaraka hizo kuonekana. Wengi walikuwa raia wa miaka mingi wasio na habari yoyote, na Mahakama Kuu ya jimbo iliwaruhusu wapige kura kamili, yaani za shirikisho na za jimbo, mwaka huo. Katika hali kama hiyo mpigakura hufanya moja tu: huweka ushahidi wake mahali pa kuufikia haraka.

Siku ya kura ikifika na jina lisionekane, usiondoke kituoni. Katika majimbo mengi una haki ya kupewa kura ya muda, ambayo hufungwa katika bahasha na kuwekwa kando mpaka sifa zako zithibitishwe. Hakikisha kwanza kwamba uko katika kituo chako, kwa sababu baadhi ya majimbo huitupa kura ya muda iliyopigwa kituo kisicho chako. Pokea karatasi yenye maelezo ya kufuatilia, uliza ni siku ngapi umepewa kuleta nyaraka, na uzilete.

Hatua ya tano: kuomba na kupokea kura ya posta

Oregon, Washington, Colorado, Hawaii, Nevada na California humpelekea karatasi ya kura kila mpigakura aliye hai daftarini. Katika majimbo kama Minnesota, Ohio, Michigan na Pennsylvania unaomba bila kutoa sababu. Texas, Tennessee, Indiana na Mississippi hutaka sababu, kama vile ugonjwa, ulemavu, safari au umri. Texas umri huo ni miaka 65 au zaidi. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, takriban asilimia 43 ya waliopiga kura walitumia posta.

Swali la kwanza la wazee wetu huwa hili: kama jina langu limeandikwa kwenye bahasha, si watajua nilimpigia nani? Hofu hiyo ina mizizi katika nchi tulizotoka, na haifai kuchekwa. Jibu ni kwamba bahasha hukaguliwa ikiwa imefungwa. Ikikubaliwa, karatasi hutolewa na kutenganishwa na bahasha, kisha huchanganywa na nyingine kabla ya kuhesabiwa. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa mbele ya watu wa vyama tofauti.

Ulinzi wa awali ni kwamba bahasha yako ina alama ya mistari inayosomwa na mashine, na imefungamanishwa na jina lako pekee. Ukiipoteza na kuomba nyingine, ile ya kwanza hufutwa, hata ikija kurudishwa. Ukipiga kwa posta kisha ukaenda kituoni, daftari litaonyesha kwamba bahasha yako imeshapokewa. Baada ya hapo hutofautiana: majimbo mengi hulinganisha sahihi ya bahasha na ile ya daftarini au ya leseni, Wisconsin hutaka shahidi mmoja na anwani yake, North Carolina hutaka mashahidi wawili au mthibitishaji wa kiapo, pamoja na nakala ya kitambulisho, Texas hutaka namba.

Texas ni mfano wa ulinzi uliogeuka kikwazo. Sheria yake ya mwaka 2021 ilitaka mpigakura aandike namba ya leseni au tarakimu 4 za Social Security chini ya mkunjo wa bahasha, na namba hiyo ilingane na iliyomo katika faili lake. Mtu aliyejiandikisha zamani kwa namba moja akaandika nyingine alikataliwa, na wengi hawakukiona kabisa kisanduku kile. Katika kura za mchujo za Machi 2022 zaidi ya asilimia 12 ya kura za posta za jimbo hilo zilikataliwa, ilhali nchi nzima mwaka 2020 zilizokataliwa zilikuwa takriban asilimia 0.8. Ushauri wangu kwa wakazi wa Texas ni kuandika namba zote mbili kila zinapoombwa.

Kuhusu sahihi, fikiri uliandikaje siku ulipochukua leseni yako ya kwanza. Wengi wetu tuliandika jina kwa herufi za shule, kisha baada ya miaka mitano kazini tukawa na mkwaruzo wa haraka. Mzee aliyepata kiharusi hawezi tena kuandika alivyoandika. Sahihi ikibadilika, jaza fomu mpya ya usajili ili ile ya sasa iingie daftarini kabla ya bahasha kufika.

Hatua ya sita: kujaza mezani

Katika nyumba yenye wapigakura zaidi ya mmoja, mtu amalize kila kitu na kuziba bahasha yake kabla mwingine hajafungua ya kwake. Mume na mke kubadilishana bahasha bila kujua ni kosa la kawaida mno, na afisa anayeona sahihi ya Salma kwenye bahasha ya Rashidi hana njia ya kujua kwamba wote wawili walikuwa wakinywa chai meza moja.

Soma maelekezo ya bahasha ya ndani. Pennsylvania, karatasi isiyowekwa katika bahasha ya siri haihesabiwi, na Mahakama Kuu ya jimbo ilithibitisha hivyo mwaka 2020. Tarehe inayoulizwa karibu na sahihi ni ya siku unayotia sahihi. Wapo wanaoandika tarehe ya kuzaliwa kwa mazoea ya kujaza fomu. Andika pia namba yako ya simu panapoombwa.

Asiyeweza kusoma Kiingereza, kipofu au mwenye ulemavu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kusaidiwa na mtu amtakaye, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Kiswahili hakimo katika lugha ambazo sheria hiyo inazilazimisha kaunti kuzichapishia karatasi za kura, hivyo kifungu hiki ndicho kimbilio letu. Msaidizi anatafsiri, anasoma na kuandika anachoambiwa, hachagui. Katika majimbo mengi anatakiwa pia kuandika jina lake na kutia sahihi.

Hapa ni lazima niwe mkali kidogo. Jamii zetu zina desturi njema ya kumwamini mtu mmoja, mwenyekiti wa chama au kijana aliyesoma, atukusanyie fomu na kutupelekea. Kwa kura usifanye hivyo. Majimbo mengi huruhusu ndugu wa karibu au mtu wa nyumba moja tu kukurudishia bahasha, na mengine humfungulia mashtaka anayezidi hapo. Katika uchaguzi wa mwaka 2018 wa jimbo la 9 la Bunge huko North Carolina, McCrae Dowless, aliyefanyia kazi kampeni ya mgombea mmoja, na watu aliowalipa walikusanya bahasha za wapigakura katika kaunti ya Bladen, jambo lililokatazwa na sheria. Kilichowafichua ni kumbukumbu zenyewe: maombi ya kura za posta yalikuwa mengi kupita kiasi, na idadi ya bahasha ambazo hazikurudi haikuwa ya kawaida. Mgombea aliyekuwa mbele kwa kura 905 hakuthibitishwa, na uchaguzi ukarudiwa mwaka 2019.

Hatua ya saba: kurudisha, kufuatilia na kuponya

Posta ya Marekani hushauri bahasha itumwe angalau wiki moja kabla ya siku ya mwisho. Baadhi ya majimbo hupokea bahasha iliyochelewa mradi imepigwa mhuri kwa wakati, lakini Kansas, Ohio, Utah na North Dakota yaliondoa nafuu hiyo mwaka 2025, na barua haipigwi mhuri siku ileile iliyotumbukizwa kila mara. Hesabu kwamba bahasha inapaswa kuwa mikononi mwa karani kabla ya vituo kufungwa. Zikibaki siku chache, ipeleke kwenye sanduku rasmi la kura au ofisini kwa karani.

Majimbo mengi yana ukurasa wa kufuatilia bahasha, na California na Colorado hutuma hata ujumbe wa simu: imetumwa, imepokewa, imekubaliwa. Ukiona imekataliwa, au ukipigiwa simu na kaunti, kuna muda mfupi wa kuponya kasoro: Florida ni hadi saa 11 jioni ya siku ya pili baada ya uchaguzi, Georgia ni siku 3. Watu wetu hawapokei simu wasizozijua, na kwa matapeli walivyojaa siwalaumu, lakini katika wiki ya uchaguzi sikiliza ujumbe uliorekodiwa, kisha upige mwenyewe namba iliyoko kwenye tovuti ya kaunti. Ofisi ya kweli huomba sahihi au nakala ya kitambulisho. Haiombi namba ya benki, wala haiulizi ulimpigia nani.

Raia wa Marekani anayeishi Nairobi, Dar es Salaam au Maskati hutumia fomu maalumu ya wapigakura walio ng'ambo, na anayeiomba mapema hupelekewa karatasi ya kura angalau siku 45 kabla ya uchaguzi. Anwani anayojazia ni ile ya mwisho aliyoishi Marekani, kwa hiyo daftari atakalokaguliwa ni la kaunti ile, hata kama aliihama miaka kumi iliyopita. Aiombe fomu hiyo upya kila mwaka wa uchaguzi, achague kupokea kwa barua pepe pale jimbo linaporuhusu, na ahifadhi namba ya kufuatilia bahasha hadi kaunti itakapothibitisha matokeo.